UKIPEWA UHAMISHO WA SHINYANGA

Ndugu msomaji, huenda barua hiyo umekwisha kuipokea wewe mwenyewe, au ameipokea jirani yako. Ni bahasha ya kaki yenye mhuri wa ofisi, na ndani yake aya mbili fupi: unatakiwa kuripoti katika kituo chako kipya cha kazi, Shinyanga, kabla ya tarehe fulani. Wenzako kazini wanakuzunguka. Mmoja anakupa pole kana kwamba umefiwa. Mwingine anakunong'oneza akitaka kujua umemkosea nani huko juu. Jioni, nyumbani, wewe na mwenzako mnakitazama chakula tu, kwa kuwa kuna swali ambalo kila mmoja anangoja mwenziwe alitamke: je, tuhame sote, au aende mmoja na wengine wabaki?

Mwaka jana barua kama hiyo ilimfikia mdogo wangu, muuguzi wa hapa Dar es Salaam. Ana mume, ambaye ni fundi wa magari makubwa, na watoto wawili: binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Shemeji alikuwa amekwisha kata shauri. Mke aende peke yake, watoto wabaki na bibi yao Temeke, na kila mwisho wa mwaka watakutana wakati wa likizo. Alisema kazi ya fundi haihamishwi kama sanduku, na kwamba huko Shinyanga kuna vumbi, njaa na uchawi. Mdogo wangu hakubisha. Alinyamaza tu, na sisi tunaomjua tulielewa maana ya kimya hicho. Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili mbili bila kupata mwafaka. Mwishowe wazee wakaniagiza mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuangalia na kueleza, nimsindikize, nikautazame mji huo kwa macho yangu, kisha nirudi na majibu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Siku hizi unaweza kupanda treni ya umeme, iliyoanza kwenda hadi Dodoma mwaka 2024, kisha ukaendelea kwa basi, na ndivyo tulivyofanya. Baada ya Singida barabara huteremka mlima Sekenke, mahali ambapo Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na kuanzia hapo nchi inatanuka mbele yako mpaka macho yanakosa pa kushika. Unapita Igunga, unapita Nzega, kisha unafika Tinde. Hapo barabara inagawanyika. Ukishika kushoto unakwenda Isaka, Kahama na machimbo ya dhahabu. Ukishika kulia unakwenda Shinyanga mjini. Abiria wengi, hasa vijana wenye mabegi ya mgongoni, walishuka Tinde kutafuta gari la kushoto. Sisi tuliobaki tulikuwa watu wazima, akina mama wenye vikapu, na mwanafunzi mmoja aliyekumbatia godoro. Mdogo wangu alinitazama, nami nikajifanya kusoma gazeti.

Tuliingia usiku. Nilipouliza pale stendi kama kuna daladala la kutufikisha nyumba ya wageni, kijana mmoja aliitika kwa furaha, akaja akisukuma baiskeli. Naam, msomaji, mjini Shinyanga daladala ni baiskeli ya kubebea abiria, yenye kiti cha sponji nyuma. Pikipiki na bajaji zimekuja na kuwapunguzia riziki waendesha baiskeli hao, lakini hawajaondoka. Nchi ni tambarare kama meza, hivyo baiskeli haichoshi mtu, na utawaona juu yake wanafunzi, makarani na akina mama waliofunga watoto mgongoni. Kwa mtu aliyezoea kusubiri saa mbili katika foleni ya Ubungo, ni jambo la kushangaza kufika kazini huku umepanda baiskeli ya mtu mwingine na mazungumzo yenu hayajaisha.

Asubuhi ndipo nilipouona mji wenyewe. Ilikuwa Julai, kipindi cha kiangazi, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, juu ya majani ya miarobaini na juu ya viatu vyangu vilivyong'arishwa. Katikati ya mji zimo nyumba za zamani za maduka zenye baraza pana. Watu wanatembea bila haraka. Tena wanaamkiana, na hapa sisemi habari ya kuinua mkono na kupita. Kisukuma kina salamu yake ya asubuhi, mwangaluka, nayo huwa mlango tu. Baada yake unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za ng'ombe, hata kama huna ng'ombe.

Ni mji wa namna gani huu? Shinyanga unayoiona leo ililetwa na reli. Boma la zamani lilikuwa mahali panapoitwa mpaka sasa Old Shinyanga, lakini njia ya reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita kando, na mji ukaifuata. Pamba ikaulisha kwa miaka mingi. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji. Jiwe moja la rangi ya waridi lililochimbwa huko mwaka 1947 alipewa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Lakini Mwadui ilikaa ndani ya uzio wake, na shule yake, hospitali yake na uwanja wake wa ndege. Mji wa Shinyanga uliziona almasi kama maskini anavyoiona karamu ya jirani. Baadaye bei ya pamba ikayumba, na dhahabu ilipokuja kwa nguvu ilikwenda upande mwingine, Kahama na Geita. Makao makuu ya mkoa yakabaki na ofisi, shule, mahakama na hospitali. Katika sensa ya mwaka 2022 Manispaa ya Shinyanga ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 200,000, ilhali Kahama, ambayo zamani ilikuwa wilaya tu ya kuijia Shinyanga kwa shida za kiofisi, ilizidi 400,000.

Basi hiyo ndiyo siri ya utulivu wake, kama ni siri. Ni manispaa kwa sheria, lakini mwenendo wake ni wa mji mdogo ambao kila mtu ana mtu anayemjua.

Tulianza kutafuta nyumba. Tulizunguka Ngokolo, Ndala na Kambarage, na nikupe nasaha moja kabla sijasahau: itazame kuta. Sehemu nyingi za nchi hii zina udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua huvimba na wakati wa kiangazi hupasuka, na nyumba yenye msingi hafifu hupasuka pamoja nao. Rangi mpya isikudanganye. Jambo jingine ni maji. Zamani mji huu uliishi kwa taabu kwa maji ya bwawa la Ning'hwa na kwa wachuuzi wa madumu. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa unaovuta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, mpaka Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizua maneno nje ya nchi, maana kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri uliotaka maji yanayokwenda Nile yasiguswe bila idhini ya Misri. Tanganyika huru ilikwisha tangaza mwaka 1962 kuwa haifungwi na mkataba wa mkoloni. Kwa hiyo ukifungua bomba lako Ngokolo ukaona maji, ujue yamekuja kwa mabomba na kwa siasa.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya bibi mmoja wa Kisukuma, mjane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kodi ya nyumba nzima ya vyumba vitatu haikufika ile ambayo mdogo wangu alikuwa akilipa kwa vyumba viwili Temeke. Lakini bibi hakutaka kuzungumza kodi. Alituketisha, akaleta chai na sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa vikauka. (Ndugu yake ni michembe, ambayo huanikwa mibichi na kupikwa baadaye, ukiichanganya na karanga utasahau mkate.) Akauliza ukoo wetu, kabila letu, wazazi wetu kama wako hai, na kazi ya mdogo wangu. Kisha akauliza mume na watoto wanakuja lini. Mdogo wangu akajibu kwamba watoto huenda wakabaki. Bibi alinyamaza kwa muda, akasema, "Mwanangu, vyumba vitatu vya mtu mmoja nitakupa vya nini?"

Kesho yake tulikwenda sokoni. Muuza nyanya ambaye hatujawahi kumwona alimwita mdogo wangu "sista", akamwambia amesikia kuwa ndiye muuguzi mgeni, na akamwongezea nyanya mbili. Mdogo wangu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam. Mimi nilicheka pia, ila nikawaza. Mji unaokuongezea nyanya kwa kukujua ndio utakaojua umelala wapi, umekopa kwa nani, na kwa nini mtoto wako hakwenda shule Jumatatu. Mtu aliyezoea kufichwa na wingi wa watu wa Dar es Salaam atajisikia uchi kwa miezi ya kwanza.

Sitakuficha na mengine. Shemeji alitaja uchawi, na nisingekuwa mkweli kama ningeupita. Katika mkoa huu na mikoa jirani, kwa miaka mingi, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na dalili iliyowaponza mara nyingi ilikuwa macho mekundu, ambayo mtu huyapata kwa kupikia moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Kati ya mwaka 2007 na 2009 ikaja aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Hapa hapa mjini, shule ya Buhangija iliwapokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini ili wapate usalama. Nilimuuliza yule bibi mwenye nyumba kuhusu mambo haya. Alivua miwani yake akanionyesha macho. "Mimi niliondoka kijijini mapema," alisema, na akarudi kuanika mboga zake.

La pili linahusu mabinti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliutaja Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mahari ya ng'ombe ina kishawishi kikubwa katika kaya yenye shida. Binti wa muuguzi anayeishi Ndala hataozwa, lakini ataona dawati la mwenzake likibaki tupu, naye atauliza, na mzazi itabidi awe na jibu. Mdogo wangu alilisikia hilo kutoka kwa wauguzi wenzake siku ya kwanza kazini. Aliniambia usiku ule, "Kaka, kama mwanangu atakuwa Temeke, hayo nitamwelezaje kwa simu?" Sikuwa na la kusema, maana hayo ya Temeke nayo tunayajua.

La vumbi ni kweli, ila lina historia yake. Enzi za Waingereza misitu ya hapa ilikatwa kwa makusudi ili kuwafukuza mbung'o, na hata kituo cha utafiti wa wadudu hao kilikuwa Old Shinyanga chini ya bwana Swynnerton. Yaliyosalia yakamalizwa na mashamba ya pamba, kuni na mifugo, mpaka watu wakaanza kuuita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Wataalamu walihimiza upandaji miti, lakini kilichofaa zaidi kilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua, haiingizwi mifugo, ili nyasi na visiki vichipue na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani kwa njia hiyo, na mwaka 2002 mradi ukatunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ukitoka nje ya mji mwezi Machi hutaamini maneno ya shemeji yangu.

Naye shemeji alikuwa amenipa kazi ya ziada. Aliambiwa na rafiki zake kwamba fundi wa magari makubwa akienda Kahama au Geita hurudi na nyumba. Kwa nini basi yeye asikae Kahama, mke Shinyanga na watoto Temeke? Basi nikapanda gari kwenda kuona.

Kahama haidanganyi: pesa ipo. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapo, mchele unauzwa kwa magunia, na hoteli zimejipanga. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021 wengi walidhani mji utakufa; haukufa. Lakini kodi za nyumba zinakaribia za Dar es Salaam, na kila niliyemuuliza kwao ni wapi alinitajia mkoa mwingine. Niliendelea hadi Geita, mkoa tangu mwaka 2012, ambako mgodi wa zamani wa mkoloni ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Pembeni yake wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, wenye maduara yanayoshuka ardhini kama visima, makarasha ya kusaga mawe yanayounguruma mchana kutwa, na mialo ambako unga wa mawe huoshwa na dhahabu kunaswa kwa zebaki, sumu ambayo mikono mitupu huichezea kama maji. Tangu mwaka 2019 lipo soko rasmi la dhahabu mjini Geita, ambako bei hutangazwa wazi, na mchimbaji haibiwi tena na walanguzi kama zamani.

Kwenye karasha moja nilikutana na fundi kutoka Mbeya, mtu wa makamo, mikono imejaa grisi. Alikuwa na mwaka wa sita huko. Alikuja kwa miezi mitatu. Dhahabu ikisikika mahali watu hukimbilia, na mashine hukimbilia watu, na fundi hukimbilia mashine. Amekwisha hama machimbo manne. Hakulalamika. Pesa anatuma, nyumba amejenga, bati ameezeka. Nikamuuliza watoto wana umri gani. Wa kwanza na wa pili alinitajia haraka. Wa mwisho alisita, akahesabu kwa vidole, akakosea, akahesabu tena. Amemwona mara mbili.

Nilirudi kwa kupitia daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kupewa jina la Rais Magufuli, ambalo limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko. Kutoka Mwanza mpaka Shinyanga ni kilomita zipatazo 160, na jambo hilo liweke akilini: ugonjwa ukiishinda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mwawaza, au ile ya wamisionari ya Kolandoto, utapelekwa Bugando Mwanza kwa mwendo wa saa chache. Wikiendi sato wa ziwani hufika sokoni akiwa bado na ukali wa macho. Jumapili moja nilikwenda uwanja wa Kambarage, wenye jina la Mwalimu, kutazama mpira. Stand United, timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi na kupanda ligi kuu mwaka 2014, imekwisha shuka tangu wakati ule, lakini wapenzi wake wanaizungumzia kama mtoto aliye safarini.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Nilimweleza yote: vumbi, kodi, maji, bibi wa miwani, muuza nyanya, madawati matupu. Nilimwambia pia kwamba gereji zipo Shinyanga, ndogo ndogo, kwa kuwa malori ya pamba na mchele hayajengwi kwa chuma kisichoharibika, ila kipato chake kitapungua, na sikumwambia kwamba hakitapungua. Kisha nikamsimulia yule fundi wa Mbeya aliyehesabu vidole. Binti yake alikuwa mlangoni akisikiliza. "Mjomba," aliniuliza, "huko kuna maktaba?" Nikamwambia nitauliza.

Shemeji hakunijibu neno siku ile. Zilipita wiki mbili. Usiku mmoja, baada ya taarifa ya habari, simu yangu ikalia. Hakuanza na salamu.

"Nimesikia huko watu wanatembea kwa baiskeli," alisema. "Hii yangu nije nayo, au huko zinauzwa bei nafuu?"